Kano ya kisigino, seli shina na hofu ya kufungiwa: jibu kwa mkimbiaji wa Buhongwa

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mkimbiaji wa mbio ndefu, nina miaka 23, nakaa Buhongwa hapa Mwanza. Kano ya kisigino cha kushoto inanisumbua tangu mwaka jana, nikiamka asubuhi hatua za kwanza nachechemea. Mfadhili wangu amepata kliniki nje ya nchi. Wanasema watanitoa mafuta tumboni, wakuze seli shina maabara wiki tatu, halafu wanichome kisiginoni pamoja na "vichocheo", na dripu mbili za kurudisha nguvu. Wanadai ni tiba ya asili, si dawa, kwa hiyo vipimo havina shida. Kocha wangu anaogopa. Nikienda nitafungiwa?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kocha wako ana haki ya kuogopa. Kifurushi hicho, kwa jinsi ulivyokieleza, usikikubali. Nasema hivyo huku nikijua kwamba seli shina zenyewe, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, zikitolewa mwilini mwako na kurudishwa mwilini mwako, zinaweza kuwa halali kabisa. Kilichonishtua ni maneno mawili uliyoyapitia haraka: vichocheo na dripu.

Tuanze na kanuni. WADA, shirika la kimataifa linalopambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, hutoa orodha ya vitu na njia zilizopigwa marufuku, na orodha mpya huanza kutumika kila tarehe 1 Januari. Ukiifungua kwenye kundi la M3 utakuta imekataza kutumia seli, ziwe za kawaida au zilizobadilishwa vinasaba, pale zinapokuwa na uwezo wa kuongeza kiwango cha mwanamichezo. Mtu akisoma hapo na kuishia hapo atasema seli shina zote ni haramu. Lakini WADA yenyewe imeshafafanua: seli shina ambazo hazijabadilishwa, zikitumika peke yake bila kuongezewa vichocheo vya ukuaji wala homoni nyingine, kwa kutibu jeraha, hazikatazwi, ilimradi zinarudisha sehemu iliyoumia kwenye utendaji wake wa kawaida bila kuupita.

Shika masharti hayo yote kwa pamoja, na uone kwamba hayagusi kabisa habari ya asili. Testosteroni ni ya asili, unayo mwilini sasa hivi unaposoma. EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu, inatengenezwa na figo zako mwenyewe. Ukichomwa yoyote kati ya hizo unafungiwa. Kwa hiyo anayekutuliza kwa kusema tiba ni ya asili, ama hajui kanuni, ama anazijua na ana haraka ya kupokea malipo.

Sasa fuata safari ya hizo seli, maana hapa ndipo watu wengi hawaulizi. Mafuta ya tumboni yakishanyonywa, humeng'enywa kwa kimeng'enya kinachoyeyusha nyuzi zinazoshikilia seli pamoja. Kinachobaki ni mchanganyiko wa seli za kila aina, na seli shina ndani yake ni chache. Ili zifike mamilioni, huwekwa kwenye chupa bapa zenye maji ya virutubisho, ndani ya kabati lenye joto la mwili, na kila baada ya siku chache mtaalamu humwaga maji ya zamani na kuweka mapya. Maji hayo hayatoshi peke yake. Huongezwa seramu ya kijusi cha ng'ombe, au maji yaliyotokana na chembe sahani (zile zinazogandisha damu) za binadamu, na maabara nyingi huongeza pia kichocheo kiitwacho FGF ili seli zigawanyike upesi. Baada ya wiki tatu seli huoshwa na kuwekwa kwenye bomba la sindano.

Je, seli zilizopitia huko bado unaweza kuziita hazijabadilishwa, tena hazijaongezewa kitu? Mabaki ya kichocheo yameondolewa kiasi gani? Kliniki yenye uadilifu inaweza kukuwekea mezani karatasi ya kila kilichotumika. Kliniki inayokwambia "usijali, ni seli zako" haijajibu lolote, na mbele ya jopo la nidhamu maneno hayo hayatakusaidia. Kanuni ya michezo humbebesha mwanamichezo mwenyewe dhamana ya kila kinachoingia mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Kutojua kunaweza kupunguza adhabu, kosa linabaki.

Tuje kwenye vichocheo, ambavyo kwangu ndiyo hatari kubwa kuliko yote uliyoyataja. Kundi la S2 la orodha linakataza homoni ya ukuaji na vichocheo vya ukuaji vinavyogusa misuli, kano na mishipa ya damu: IGF-1, FGF, PDGF, VEGF, HGF, na timosini beta-4 pamoja na ndugu yake TB-500 anayeuzwa sana mtandaoni. Marufuku hiyo ni ya siku zote 365, uwe mbioni au umelala nyumbani Buhongwa. Kuna kingine kiitwacho BPC-157, kinasifiwa kila mahali kwamba kinaponya kano, nacho kimetajwa kwenye orodha tangu 2022 katika kundi la vitu ambavyo hakuna mamlaka ya afya iliyoviidhinisha kutibu binadamu. Nikisikia kliniki inauza "vichocheo" kwa ajili ya kano, haya ndiyo majina yanayonijia kwanza.

Huenda umesikia wachezaji wakubwa wakichomwa damu yao wenyewe iliyozungushwa kwenye mashine ikabaki chembe sahani tupu, ile inayoitwa PRP. Hiyo inaruhusiwa tangu 2011. Na ndani ya chembe sahani kuna vichocheo vya ukuaji, ni kweli. Vikija ndani ya chembe sahani za damu yako, sawa. Kichocheo hichohicho kikitoka kwenye kichupa cha kiwandani, ni kosa. Wauzaji wanapenda kuchanganya mambo haya mawili, wakikuonyesha ruhusa ya la kwanza ili ukubali la pili.

Mashaka haya hayakuanza leo. Mwaka 2010 mrushaji wa besiboli Bartolo Colón alichomwa seli shina begani na kwenye kiwiko huko Jamhuri ya Dominika, akarudi uwanjani msimu uliofuata akiwa na nguvu zilizoshangaza watu. Ligi ya Marekani ikafuatilia kujua kama alipewa homoni ya ukuaji. Daktari aliyehusika alisema Colón hakupewa, lakini alikiri kwamba kwa wagonjwa wengine alikuwa ameitumia pamoja na seli. Ona hapo: kwenye chumba kimoja, kwa mikono ileile, kuna wagonjwa wanaochanganyiwa na wasiochanganyiwa. Wewe uliyelala kifudifudi, mguu umetiwa ganzi, utajua umo kundi gani? Kwa upande mwingine, Rafael Nadal alitibiwa mgongo kwa seli shina mwishoni mwa 2014, daktari wake akalisema wazi mbele ya vyombo vya habari, na hakuadhibiwa. Tiba hii ikifanywa hadharani, na daktari anayejua kanuni na kuandika kila kitu, mchezaji hana cha kuficha.

Dripu. Hapa watu hukuchukulia mwepesi ukizungumza, maana kwetu dripu ni kama ishara kwamba mtu ametibiwa vizuri. Kanuni inasema hivi: dripu au sindano za mshipani zinazozidi mililita 100 ndani ya saa 12 ni marufuku, isipokuwa umezipata kihalali ukiwa unatibiwa hospitalini, unafanyiwa upasuaji, au unafanyiwa uchunguzi wa kitabibu. Chupa ya kawaida ya dripu ni mililita 500. Hata kama ndani mna maji ya chumvi na vitamini peke yake, umevuka. Mwogeleaji Ryan Lochte wa Marekani alifungiwa miezi 14 mwaka 2018 kwa sababu hiyo. Hakukutwa na dawa yoyote iliyokatazwa. Aliweka mtandaoni picha yake akiwa na dripu mkononi, basi.

Mfano huo unajibu pia lile dai kwamba "vipimo havina shida". Ni kweli kumkamata mtu kwa seli zake mwenyewe kupitia mkojo ni kazi ngumu. Lakini kosa halithibitishwi kwa mkojo tu. Ankara ya kliniki, ujumbe wa WhatsApp wa mfadhili wako, picha, ushahidi wa mtu mliyesafiri naye, vyote vinakubalika. Kujaribu tu kutumia ni kosa sawa na kutumia. Sampuli unayotoa leo inaweza kuhifadhiwa hadi miaka 10 na kupimwa upya kwa mashine ambazo leo hazijatengenezwa. Na mfadhili mwenyewe, au meneja anayekupeleka, anaweza kuadhibiwa pamoja na wewe. Mwambie hilo kwa heshima, nadhani hajui.

Adhabu kwa vichocheo vya S2 huanzia miaka 4, labda uthibitishe kwamba hukukusudia. Wewe una miaka 23. Ungerudi na 27, bila mfadhili, na jina lako likiwa limekutangulia kila mbio unayoomba kuingia.

Kuna wanaoniuliza: si kuna ile idhini ya matibabu, TUE? Ipo, na ni haki ya kila mwanamichezo mgonjwa. Lakini jopo la madaktari litataka uthibitisho wa ugonjwa, litataka kuona kwamba hakuna tiba nyingine inayofaa iliyo halali, na kwamba dawa haitakupa nguvu zaidi ya afya yako ya kawaida. Kwa kano ya kisigino ambayo bado haijafanyiwa mazoezi ya tiba ipasavyo, ukaomba kichocheo ambacho hakijaidhinishwa, sioni jopo litakalokubali. Ombi lolote la kweli peleka walau siku 30 kabla ya mbio, ukiongozwa na Riadha Tanzania, tena kabla ya kutibiwa.

Sasa niache kanuni, nizungumze kama tabibu. Hata kama hakungekuwa na WADA, je, sindano hiyo ingekuponya?

Seli shina zina tiba ya kweli, na sisi wa Kanda ya Ziwa tunapaswa kuijua kuliko wengi kwa jinsi selimundu ilivyojaa katika familia zetu. Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma inapandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa, kwa watoto wenye selimundu. Zile ni seli shina za damu, zinafanya kazi ambayo zimeumbwa kuifanya, na nyuma yake kuna utafiti wa zaidi ya nusu karne. Mtoto aliyekuwa analazwa kila mara kwa maumivu ya mifupa anapata nafasi ya kuishi bila kulazwa. Naiheshimu sana tiba hiyo, na ndiyo maana inaniuma kuona heshima yake inatumika kuuzia watu sindano za viungo.

Kwa viungo na kano, ushahidi ni mchache. Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilichapa jaribio kubwa la Marekani lenye wagonjwa 475 wa magoti yaliyolika. Walilinganisha aina tatu za seli, zikiwemo za uloto na za mafuta, na sindano ya kawaida ya steroidi. Baada ya mwaka mmoja hakuna aina ya seli iliyoishinda steroidi. Goti si kisigino, nakubali, lakini majaribio ya seli kwenye kano ni madogo zaidi na hayajafikia hapo. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha bidhaa yoyote ya seli shina kwa majeraha ya viungo. Na madhara yapo: mwaka 2018 huko huko Marekani watu 12 walipata maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa iliyotokana na damu ya kitovu, wengine kwenye viungo na mgongo, wakalazwa. Hao walikuwa katika nchi yenye ukaguzi mkali. Wewe ukipata usaha kwenye kano ukiwa ugenini, viza imebaki siku mbili, nani atakufungua kidonda?

Turudi kisiginoni. Kuchechemea hatua za kwanza za asubuhi halafu ukapata nafuu ukishatembea ni dalili ya kawaida kabisa ya kano iliyochoka. Kabla ya lolote, jibana kwa vidole viwili kando ya kano. Kama uchungu uko juu ya kisigino kama upana wa vidole vitatu, au kama uko pale pale kano inapojishika kwenye mfupa, matibabu yanatofautiana. Altrasaundi hapa Mwanza inatosha kuonyesha, hakuna haja ya kupanda ndege.

Swali lingine ninalomuuliza kila mkimbiaji mwenye kano inayouma: mwaka jana ulipoanza kuumwa, ulimeza sipro? Ciprofloxacin inauzwa kila kona kwa taifodi na UTI, mara nyingi bila hata cheti, na kundi lake la dawa linajulikana kudhuru kano, hasa hii ya kisigino, hata kuikata. Tangu 2008 Marekani wameweka onyo zito kwenye pakiti zake. Kama ulimeza, niambie lini na kwa siku ngapi. Na ukiumwa tena, mwambie daktari kwamba wewe ni mkimbiaji akutafutie dawa nyingine inayofaa.

Tiba yenyewe ni kuizoesha kano kubeba mzigo. Msweden Håkan Alfredson alichapisha utaratibu wake mwaka 1998, na hadi leo ndiyo ninaoanza nao. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya miguu, visigino vikining'inia. Jiinue kwa mguu usiouma. Hamishia uzito wote kwenye mguu mgonjwa, kisha shusha kisigino taratibu, hesabu hadi tatu, kipite chini ya usawa wa ngazi. Usijiinue kwa mguu mgonjwa, rudi juu kwa ule usiouma. Fanya mara 15, pumzika, rudia hadi zifike seti tatu huku goti likiwa limenyooka. Halafu seti tatu nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Hiyo ni mishusho 180 kwa siku. Itauma, na uchungu unaovumilika unakubalika. Ukiwa mkali unaodumu hadi kesho yake, punguza. Siku ukiona hauumi kabisa, vaa begi mgongoni uweke mchanga, kilo tano kwanza. Kama altrasaundi itaonyesha tatizo liko kwenye mfupa, fanya haya kwenye sakafu bapa, kisigino kisishuke chini ya usawa, kwa sababu kule chini kano inabanwa na mfupa.

Kukimbia usiache kabisa, ila acha milima. Najua wakimbiaji wa Mwanza mnavyoupenda ule mpando wa Capri Point na miinuko ya Bugando, lakini kila mpando unaivuta kano kwa nguvu zote. Tafuta barabara ya tambarare, punguza kilomita, na siku za katikati panda baiskeli. Kuogelea kungefaa, ila si ziwani. Kichocho cha ufukweni kwetu ni cha kweli, na damu kwenye choo haitakusaidia chochote.

Jambo moja bado, na ni la haraka. Katika hizo wiki 12 atatokea mtu wa kukwambia kuna sindano moja ya steroidi, siku tatu umepona. Kwenye kano ya kisigino, steroidi inaweza kuidhoofisha hadi ikatike. Na tangu 1 Januari 2022 sindano zote za steroidi hizi za kutuliza uvimbe, hata ya kiungo tu, ni marufuku wakati wa mashindano, wakati ambao huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mbio. Triamsinoloni, mojawapo ya steroidi hizo, ikichomwa msulini inaweza kuhitaji siku 60 kabla ya kuwa salama. Majirani zetu wameumia kwa hiyo: mwaka 2022 kitengo cha uadilifu cha riadha duniani, AIU, kilisema Wakenya 10 walikutwa na triamsinoloni katika kipindi cha 2021 na 2022. Diana Kipyokei alinyang'anywa ushindi wake wa Boston Marathon ya 2021, akafungiwa miaka 6, na sehemu ya miaka hiyo ilitokana na nyaraka za hospitali zisizo za kweli alizowasilisha kujitetea.

Najua wiki 12 kwa mwenye mbio mbele yake ni nyingi. Alphonce Simbu alichukua shaba ya dunia London 2017, dhahabu ikaja Tokyo 2025 akiwa na miaka 33, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ya sekunde 0.03. Marathoni ina umri mrefu, na wewe ndiyo kwanza unauanza.

Kwa mfadhili wako, usimvunje moyo, amekupenda. Mwombe sehemu ndogo ya hela hizo ilipie altrasaundi, fizio (mtaalamu wa mazoezi ya tiba) wa kukusimamia pale hospitali ya Bugando walau mara moja kwa wiki, na jozi ya viatu vipya vyenye kisigino kilichoinuka kidogo. Akisisitiza safari, basi waandikie kliniki barua pepe wataje kila kitu: kimeng'enya walichotumia, kilichomo kwenye maji ya kukuzia seli, jina na kipimo cha kila "kichocheo", ujazo wa kila dripu kwa mililita, jina la daktari na namba yake ya usajili. Kwa mambo haya wasikupigie simu, wajibu kwa maandishi. Wakijibu, nitumie mimi na kocha wako nakala kabla hamjalipa hata shilingi, niipitie mstari kwa mstari na orodha ya mwaka huu ikiwa mkononi.